Wakili wa Maji na Lugha ya Mwananchi: Taaluma ya Sheria ya Maji na Maliasili nchini Kenya

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kuwa maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hii inawafaa sana wanafunzi wa vyuo vikuu wanapotafakari kazi watakazozifanya baada ya kuhitimu. Anapotajwa wakili, wengi humwazia mtu aliyevaa joho jeusi akimtetea mshtakiwa wa wizi wa mabavu, au akiandaa mkataba wa kuuziana kiwanja. Ni nadra mtu kumwazia wakili aliyesimama ukingoni mwa mto, daftari mkononi, akiwauliza wafugaji ni siku gani hasa maji yalipokatika. Hata hivyo, tawi la sheria linaloshughulikia maji na maliasili limepanuka mno nchini Kenya tangu Sheria ya Maji ya mwaka 2002 ilipopitishwa, na limepata nguvu zaidi kutokana na Katiba ya mwaka 2010.

Makala haya yananuia kutimiza mambo matatu. Kwanza, yatafafanua misingi ya sheria ya maji kwa kutumia istilahi chache zenye uzito. Pili, yatabainisha nafasi za kazi zilizopo na njia ya kuzifikia. Tatu, na hapa ndipo penye kiini cha hoja, yataonyesha kuwa kazi hii haiwezi kukamilika bila lugha. Haki iliyoandikwa kwa lugha ambayo mwenye haki haielewi ni sawa na kisima kisicho na kamba: maji yamo, ila hayafikiki.

2.0 Usuli: Maji ni ya Nani?

Kabla ya ukoloni, jamii nyingi za Kenya zilikuwa na kanuni zao za kugawana maji. Mfano bora ni Wamarakwet wa Bonde la Kerio. Jamii hii ilichimba mifereji ya kuteremsha maji kutoka mito ya mlimani hadi mashamba ya bondeni. Mifereji hiyo ilikuwa chini ya koo, na kila ukoo uliwajibika kuitengeneza na kuilinda. Maji yaligawanywa kwa zamu, na aliyeyachukua nje ya zamu yake alijua kuwa angejibu mbele ya wazee. Hapakuwa na hati wala muhuri, lakini sheria ilikuwepo, na kila aliyehusika aliielewa kwa sababu ilitamkwa kwa lugha yake.

Serikali ya kikoloni ilileta dhana tofauti. Maji yalitangazwa kuwa chini ya mamlaka ya Mfalme wa Uingereza, na aliyetaka kuyachepusha alipaswa kuomba ruhusa kwa maandishi. Baada ya uhuru, sheria hiyo, iliyojulikana kama Sura ya 372, iliendelea kutumika huku serikali ya Kenya ikichukua nafasi ya Mfalme. Ni Sheria ya Maji ya mwaka 2002 iliyoleta mageuzi makubwa. Sheria hiyo ilitenganisha usimamizi wa vyanzo vya maji na utoaji wa huduma za maji, na ikavitambua vyama vya watumiaji wa maji.

Kisha ikaja Katiba, iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, mwezi mmoja tu baada ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuitambua haki ya maji. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama kwa kiasi cha kutosha. Kifungu cha 42 kinatoa haki ya kuishi katika mazingira safi. Kifungu cha 70 nacho kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kuyatetea mazingira bila kulazimika kuthibitisha kuwa yeye mwenyewe au mtu mwingine amepata hasara. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 ilitungwa ili kuafikiana na misingi hii. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Mamlaka ya Rasilimali za Maji na Baraza la Maamuzi ya Migogoro ya Maji.

3.0 Istilahi Tatu: Amana, Haki na Kibali

Mwanafunzi anayeanza kuisoma sheria ya maji anapaswa kuzielewa istilahi tatu. Mwanafunzi wa Kiswahili atagundua kuwa kila mojawapo ina mtego wake.

Istilahi ya kwanza inahusu umiliki. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2016, vyanzo vyote vya maji vimo mikononi mwa serikali ya kitaifa, ambayo inavishikilia kwa niaba ya watu wa Kenya. Uhusiano huu wa kushikilia kitu kwa niaba ya mwingine utaitwaje kwa Kiswahili? Wapo wanaosema tu kwamba maji ni 'mali ya serikali'. Tafsiri hii inapotosha. Mwananchi anayeambiwa kuwa mto ni mali ya serikali huelewa kuwa serikali inaweza kumpa yeyote imtakaye, jinsi mtu anavyoweza kugawa mbuzi wake. Wapo wanaotumia neno 'dhamana', lakini masikioni mwa Wakenya wengi neno hilo humrejelea mshtakiwa anayeachiliwa kwa muda baada ya kuweka fedha mahakamani. Neno 'amana' linaelekea kuwa sahihi zaidi. Katika utamaduni wa Waswahili, aliyewekewa amana hana ruhusa ya kuitumia apendavyo. Hutakiwa kuitunza na kuirejesha ikiwa kamili, na anayeila amana huhesabiwa kuwa mhaini. Neno moja tu, likiteuliwa vyema, humweleza mwananchi kuwa serikali ni mtunzaji, naye ndiye mwenye kuwekesha.

Istilahi ya pili ni haki. Katika Kiswahili, neno hili hubeba maana kadhaa: stahiki ya mtu, uadilifu wa hukumu, na hata fungu la mtu katika mgawanyo. Haki ya Kifungu cha 43 ni stahiki. Hainunuliwi wala haiombwi. Mtu huwa nayo kwa kuwa ni binadamu.

Istilahi ya tatu ni kibali. Anayetaka kuchimba kisima cha mashine, kujenga bwawa mtoni au kuvuta maji kwa pampu ili kunyunyizia shamba la maua lazima apate kibali kutoka kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kanuni za mwaka 2007 ziliyagawa maombi haya katika madaraja manne, A hadi D, kulingana na athari zake kwa chanzo cha maji. Kinyume na haki, kibali hutolewa kwa masharti na kinaweza kufutwa. Kwa upande mwingine, anayechota maji mtoni kwa ndoo kwa matumizi ya nyumbani, bila kujenga chochote, hahitaji kibali. Zaidi ya hayo, sheria inayapa matumizi ya nyumbani kipaumbele juu ya matumizi mengine yote. Mama mwenye ndoo, kisheria, hutangulia mbele ya pampu ya shamba kubwa. Swali ni je, ameambiwa?

4.0 Haki Inapopotelea katika Lugha

Na ichukuliwe hali ya kubuni, ambayo hata hivyo haiko mbali na uhalisia. Mto Ewaso Nyiro ya Kaskazini hupata maji yake kutoka Mlima Kenya na safu za Nyandarua, ukapita Laikipia penye mashamba ya kunyunyiziwa, ukateremka hadi nchi kavu ya Samburu na Isiolo kabla ya kuishia katika kinamasi cha Lorian. Mwenye shamba la juu anaomba kibali cha kuvuta maji zaidi. Tangazo linabandikwa katika ofisi ya chifu na kuchapishwa gazetini, kwa Kiingereza. Mzee mmoja mfugaji, aliyekuja kumfuatilia mjukuu wake apate kitambulisho, analipita tangazo hilo mara tatu. Anaona muhuri na kudhani ni orodha ya walioitwa kazini. Muda wa kutoa pingamizi unakwisha. Mwezi wa Februari, mto unapobaki mchanga mtupu, mzee anauliza nani aliyetoa ruhusa. Anajibiwa kuwa alipewa nafasi ya kupinga na hakuitumia.

Katika mfano huu hakuna aliyevunja sheria waziwazi. Tangazo lilitolewa, na muda ulihesabiwa ipasavyo. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama kati ya karatasi na mzee. Uzito wa jambo hili huonekana zaidi mtu akizingatia ukali wa muda wa kisheria. Kwa mfano, anayetaka kupinga leseni ya mazingira mbele ya Baraza la Kitaifa la Mazingira hupewa siku 60 tu. Maji yakimwagika hayazoleki, na siku zikipita hazirudi.

Je, sheria yenyewe inasemaje kuhusu lugha? Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini Kifungu cha 259 kinasema kuwa ikitokea hitilafu kati ya matini za Katiba za lugha tofauti, ile ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Vilevile, Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai inakiruhusu Kiswahili katika mahakama za chini, ilhali inaweka Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa. Kadiri kesi inavyopanda ngazi, ndivyo mwenye kesi anavyozidi kuiona ikizungumzwa juu ya kichwa chake. Jirani Tanzania ilichukua mkondo tofauti mwaka 2021, ilipobadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama.

Hata hivyo, si kweli kwamba sheria ya Kenya imelisahau suala hili kabisa. Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira za mwaka 2003 ziliagiza kuwa mradi mkubwa utangazwe redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji. Ziliagiza pia mikutano isiyopungua mitatu ifanywe na wanaoathiriwa, na maoni yao ya mdomo na ya maandishi, pamoja na tafsiri zake, yanakiliwe. Uzito wa kanuni hizo ulidhihirika Lamu. Mradi wa kuzalisha megawati 1,050 za umeme kwa makaa ya mawe ulikuwa umepangwa kujengwa Kwasasi, nao ukapewa leseni mwaka 2016. Wakazi walikata rufaa wakihofia, pamoja na mengine, madhara kwa bahari na samaki wanaowategemea. Tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira liliifuta leseni hiyo, sababu kuu ikiwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Mikutano ya kuutambulisha mradi kabla ripoti haijakamilika haikutosha. Watu walistahili kuijua ripoti yenyewe na kuizungumzia.

Funzo la Lamu ni kuwa kumshirikisha mtu si kumwita mkutanoni na kumpa soda. Kumshirikisha ni kumfanya aelewe, kisha kumsikiliza. Kuelewa hakupatikani ila kwa lugha.

5.0 Nafasi za Kazi

Baada ya kuona kinachopiganiwa, inafaa kubainisha nafasi zilizopo kwa mwanafunzi anayetaka kuingia uwanja huu.

(a) Uwakili wa kujitegemea na wa maslahi ya umma. Mawakili huwashauri wakulima, kampuni na vyama vya watumiaji wa maji kuhusu vibali, mikataba na mashtaka ya uchafuzi. Wengine hufanya kazi na mashirika yanayowatetea wanyonge, mathalani Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973. Wahenga walinena kuwa mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Kazi ya wakili huyu ni kuhakikisha kuwa sehemu ya pili ya methali hiyo haisahauliki.

(b) Uwakili katika taasisi za umma. Mamlaka ya Rasilimali za Maji, Bodi ya Udhibiti wa Huduma za Maji, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira na Tume ya Kitaifa ya Ardhi zote huhitaji maafisa wa sheria. Kwa kuwa Katiba iliwapa magavana na serikali zao jukumu la huduma za maji na majitaka, kaunti 47 nazo zinahitaji mawakili wa kuandika sheria zao na kuzisimamia kampuni zao za maji.

(c) Uamuzi na usuluhishi. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2011 ikiwa na hadhi sawa na Mahakama Kuu. Pamoja nayo yapo mabaraza ya maamuzi. Aidha, Kifungu cha 159 cha Katiba kinahimiza upatanisho na njia za jadi za kutatua migogoro. Migogoro mingi ya mito ya Laikipia imemalizwa na vyama vya watumiaji wa maji vikaoni, chini ya mti, kabla haijafika kortini.

(d) Maliasili nyingine. Anayeijua sheria ya maji hupata wepesi wa kuingia katika madini, misitu na ardhi ya jamii. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 ilitenga asilimia 10 ya mrabaha kwa jamii ya mahali madini yanapochimbwa, asilimia 20 kwa kaunti, na 70 kwa serikali ya kitaifa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka huohuo inataka mkataba wa uwekezaji uidhinishwe na thuluthi mbili ya watu wazima katika mkutano wa jamii. Nani atakayewafafanulia watu hao mkataba wa kurasa 80 kabla hawajainua mikono?

(e) Sheria ya kimataifa. Maji hayajui mipaka. Mwaka 1962 serikali ya Mwalimu Nyerere ilitangaza kuwa Tanganyika haifungwi na makubaliano ya Mto Nile ambayo Uingereza na Misri zilifikia mwaka 1929. Mkataba mpya wa nchi za bonde la Nile ulifunguliwa kwa ajili ya kutiwa saini mwaka 2010, ukaanza kutumika tarehe 13 Oktoba 2024. Kwa upande wa haki za jamii, Waendorois walishinda mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu katika shauri la ardhi yao kandokando ya Ziwa Bogoria, na Waogiek wakashinda katika Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha mwaka 2017 katika shauri la Msitu wa Mau.

(f) Usaidizi wa kisheria na tafsiri. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 iliwatambua wasaidizi wa kisheria wasio mawakili. Huu ni mlango ulio wazi kwa mhitimu wa Kiswahili. Anaweza kupata mafunzo, akafasiri matangazo, akaandaa vijitabu na kuwa mkalimani katika mikutano ya tathmini.

6.0 Njia ya Kufuata

Anayetaka kuwa wakili nchini Kenya husomea kwanza shahada ya sheria, aghalabu kwa miaka minne. Kisha hujiunga na Chuo cha Sheria cha Kenya kwa mafunzo ya uwakili, akafanya mitihani ya Baraza la Elimu ya Sheria na kutumikia uanagenzi wa miezi sita chini ya wakili mwenye tajiriba. Hatimaye huapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lake kuingizwa katika orodha ya mawakili. Inafurahisha kuona kwamba Sheria ya Chuo hicho ya mwaka 2012, ilipotaja sifa za kujiunga, ilidai alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili. Mtunga sheria, kwa neno 'au', alikiri kuwa umahiri wa Kiswahili ni msingi halali wa kuijenga taaluma ya uwakili.

Lakini shahada peke yake haitoshi. Wakili wa maji hana budi kujua kusoma takwimu za mtiririko wa mto, kwani kesi nyingi hushindwa au kushindikana kwa vipimo. Anahitaji kuwa na urafiki na wataalamu wa maji, wapima ardhi na wanajamii. Anahitaji vilevile subira ya kumsikiliza mzee akisimulia mafuriko ya zamani, na ustadi wa kuugeuza usimulizi huo kuwa hati ya kiapo bila kuupotosha. Hapa mafunzo ya fasihi simulizi yana faida isiyotajwa sana. Aliyezoea kunakili ngano kwa uaminifu anajua tofauti kati ya alichokisema msimulizi na anachotamani mwandishi kiwe kimesemwa.

Ni vyema pia kukiri mipaka. Kiswahili chenyewe si lugha ya kwanza ya Msamburu wala Mborana, na mwanamke wa kijijini huenda asiielewe tafsiri iliyojaa istilahi za kamusini. Kwa hiyo, lengo si kuuondoa ukuta wa Kiingereza ili kuujenga ukuta wa Kiswahili sanifu. Kiswahili kitumike kama daraja: kiwe wazi, na pale kisipofika, lugha ya wenyeji ipokee mzigo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa sheria ya maji nchini Kenya ina misingi imara: maji ni amana ya umma, kila mtu ana haki ya kuyapata, na mwenye kibali hana ruhusa ya kumtangulia mwenye kiu. Yameonyesha pia kuwa nafasi za kazi ni nyingi, kuanzia ofisi za kaunti hadi mahakama za bara. Hata hivyo, pengo kubwa limesalia kati ya sheria na wale ambao ilitungiwa. Pengo hilo halitazibwa na mawakili wasiojua lugha ya watu, wala na wanalugha wanaoiogopa sheria. Litazibwa na wale watakaothubutu kuzishika zote mbili. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili anayejiuliza somo lake litamsaidia nini, jibu moja liko katika ofisi ya chifu iliyo karibu naye. Na aende akalisome tangazo lililobandikwa ukutani, kisha amweleze mzee aliyesimama kando yake linasema nini, na siku ngapi zimebaki.

Maswali ya Mjadala

1. Fafanua tofauti ya kisheria kati ya haki ya maji na kibali cha kutumia maji. Kwa nini tofauti hiyo ni muhimu kwa mkazi wa sehemu ya chini ya mto?

2. Linganisha maneno 'mali', 'dhamana' na 'amana' kama tafsiri za uhusiano wa serikali na maji. Ni lipi unaloliona kuwa bora, na kwa sababu gani?

3. Tafuta tangazo lolote la umma kuhusu maji au mazingira katika eneo lako. Lifasiri kwa Kiswahili chepesi, ulisome mbele ya watu wawili wasiojua Kiingereza, kisha uchunguze walichokielewa.